Huduma ya madai ya bima ya gari mjini Kisumu: kutoka shilingi 910,000 hadi 1,085,000

Ninayoyaandika hapa yanahusu idara ya madai ya kampuni ya bima yenye tawi katikati ya mji wa Kisumu, ambako nimekuwa nikilikatia gari langu bima kamili kwa miaka mitatu. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa mwishowe ililipa, na kwa kuwa wenzangu wa chumba cha walimu wamekumbana na mambo yale yale kwa kampuni nyingine. Huduma yenyewe, hata hivyo, nitaieleza pamoja na tarakimu zake zote, maana ugomvi wa fidia ya gari lililohesabiwa kuwa hasara kamili, au raitofu kama mafundi wanavyosema, ni ugomvi wa tarakimu tangu mwanzo hadi mwisho.

Gari lilikuwa Toyota Fielder la mwaka 2014, injini ya cc 1500, na logibuku yake ilikuwa kwa jina langu na la SACCO iliyonikopesha. Nilipohuisha bima mwezi Januari 2024, kampuni ilinituma kwa mthamini iliyemchagua yenyewe, naye akaandika kwamba gari lina thamani ya shilingi 1,180,000. Kwa kiwango cha asilimia 4 ada ya bima ilikuwa 47,200. Ukiongeza asilimia 0.2 ya tozo ya mafunzo, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwafidia wenye bima na shilingi 40 za stempu, nililipa jumla ya shilingi 47,452 na senti 40. Nikarudi nyumbani nikiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba gari likiangamia nitapewa hizo 1,180,000 nilizolipia.

Usiku wa tarehe 14 Agosti 2024, nikitoka Kericho wakati wa likizo ya shule, niligonga trela ya miwa kutoka nyuma, kati ya Awasi na Ahero. Trela haikuwa na taa wala kiakisi, na trekta lililokuwa likiivuta lilikuwa limesimama nusu kwenye lami na nusu ukingoni. Anayeijua barabara ile ya nyanda za Kano wakati wa kuvuna miwa hahitaji maelezo zaidi. Mifuko ya hewa ilifunguka yote miwili, nami nikatoka na michubuko ya kifua na kidole kilichoteguka.

Sehemu ya dharura ya huduma yao naisifu bila kusita. Nilipiga simu saa tatu na nusu usiku, ikapokelewa upesi na mtu aliyeniuliza kwanza kama nimeumia kabla ya kuniuliza namba ya gari, na brekdauni ikafika kabla ya saa tano. Gari lilivutwa hadi kituo cha polisi cha Ahero, na baada ya kukaguliwa likapelekwa kwenye yadi ya kampuni katika eneo la viwanda la Kisumu. Gharama ya kulivuta, shilingi 14,000, kampuni iliilipa yenyewe wala sikuombwa kutanguliza chochote. Tarehe 16 niliwasilisha fomu ya madai, abstrakti ya polisi na nakala za leseni na logibuku, na dada wa kaunta akanigongea muhuri wenye tarehe kwenye nakala yangu nilipomwomba. Muhuri huo ulinifaa baadaye, kwa sababu kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinaipa kampuni siku 90 tangu dai kuripotiwa, na hakuna anayeweza kukuhesabia siku hizo ikiwa huna ushahidi wa siku ya kwanza.

Barua ya fidia ilikuja tarehe 6 Septemba, ukurasa mmoja. Ilisema kwamba asesa, yaani mkaguzi wa kampuni anayekadiria uharibifu na thamani ya gari, amekadiria matengenezo kuwa shilingi 640,000, kiasi kinachozidi nusu ya thamani iliyokatiwa bima, na kwamba kwa masharti ya mkataba wangu gari limehesabiwa kuwa hasara kamili. Hapo sikuwa na ubishi, kwani nilikuwa nimeiona reli ya chesisi upande wa kushoto ilivyopinda na rejeta ilivyoingia hadi kwenye injini. Ubishi ulikuwa kwenye mstari uliofuata: thamani ya gari kabla ya ajali iliandikwa kuwa shilingi 910,000, ikapunguzwa eksesi, ile sehemu ya hasara anayoibeba mwenye bima mwenyewe, ya asilimia 2.5 ya thamani iliyokatiwa bima, yaani 29,500, ikabaki 880,500, na mabaki ya gari yawe mali ya kampuni. Nikitaka kubaki na mabaki, nitapunguziwa tena 240,000. Pamoja na barua palikuwa na vocha ya kukiri kwamba hayo ni malipo kamili na ya mwisho, na mahali pa kutia saini palikuwa pamekwisha kuwekewa alama ya msalaba kwa penseli.

Nilikwenda ofisini nikiwa nimekasirika na nikiwa na hoja mbaya. Nilimwonyesha afisa wa madai ile 1,180,000 niliyolipia, naye, kwa upole ambao nakiri uliniudhi zaidi, akanifungulia mkataba wangu mwenyewe kwenye kifungu kinachosema kwamba kampuni italipa thamani ya gari sokoni mara tu kabla ya ajali au kiasi kilichokatiwa bima, chochote kilicho kidogo. Kwa hiyo tarakimu ile niliyoitegemea ilikuwa kikomo cha juu tu, na kampuni haikuwa imeahidi kuifikia. Ningekuwa nimeusoma mkataba Januari, nisingeyajua haya nikiwa nimesimama kaunta huku watu watatu wakisubiri zamu nyuma yangu. Lakini kifungu hicho hicho kilinipa swali lililo sahihi, ambalo halikuwa kwa nini silipwi 1,180,000, bali 910,000 imepatikanaje.

Niliomba ripoti ya asesa. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ripoti ni ya matumizi ya ndani. La pili, nilipoandika barua, lilikuwa kimya. La tatu, nilipoandika tena na kueleza kwamba siwezi kukubali wala kukataa hesabu nisiyoionyeshwa, lilikuwa ripoti yenyewe, kurasa nne, kwa barua pepe, saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Ucheleweshaji huu ndio ninaoulaumu kuliko jambo lingine lolote katika huduma yao, kwa kuwa yote yaliyobadilika baadaye yalibadilika kwa sababu ya kurasa hizo nne, na mwenye bima ambaye hakujua kuziomba angetia saini kwenye ule msalaba wa penseli.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ripoti ile niliisahihisha kwa kalamu nyekundu. Asesa alikuwa ameanza na wastani wa bei za matangazo matatu ya magari, shilingi 1,020,000. Akatoa 60,000 kwa sababu gari limetembea sana, akatoa 50,000 kwa sababu ya dalili za ajali ya awali, akabaki na 910,000. Hesabu ya kutoa ilikuwa sahihi. Nilipotazama matangazo yenyewe, ambayo picha zake zilikuwa zimebandikwa ukurasa wa mwisho kwa udogo wa stempu, niliona kwamba magari yote matatu yalikuwa Fielder za umbo la zamani, lile lililoachwa mwaka 2012 lilipotoka umbo jipya. Namba ya chesisi ya gari langu huanza na NZE161. Ya umbo lile la zamani huanza na NZE141. Kwa mtu anayefanya kazi ya kuthamini magari nchini Kenya, ambako Fielder zimejaa kila barabara, kosa la namna hiyo halisameheki kirahisi, na sijui kama lingetendeka kwa upande wa kunizidishia.

Kisha nikaona mstari wa kilomita: 187,000, na pembeni yake neno dogo, makadirio. Gari langu halikuwa limefika huko. Ndani ya fremu ya mlango wa dereva palikuwa na stika ya fundi aliyenibadilishia oili mwezi Mei, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwamba oili imebadilishwa kwenye kilomita 131,400. Mtu aliyefungua mlango ule hangeweza kuikosa, isipokuwa kama mlango haukufunguliwa.

Hapo ndipo nilipomlipa mthamini wa kujitegemea, shilingi 6,000, na huduma yake yeye naipa sifa zote ninazoweza. Kampuni ilimchelewesha siku mbili langoni kabla ya kumruhusu kuingia yadini, lakini tarehe 17 Septemba tuliingia pamoja, mchana, jua likichoma mabati ya magari yaliyopangwa mistari kama madawati ya chumba cha mtihani. Fielder yangu ilikuwa mwisho wa mstari wa tatu, boneti imekunjika kama daftari, na tayari mtu alikuwa amekwisha kung'oa kioo cha pembeni. Nilidhani mthamini angeanza na kamera. Badala yake alirudi kwenye gari lake, akaja na betri kifuani na nyaya mbili mabegani, akazifunga kwenye vichwa vya nyaya vilivyobaki pale betri yetu ilipopasuka, kisha akaniambia, "Mwalimu, zungusha ufunguo, lakini usiwashe injini." Dashibodi ilijaa taa za onyo, nyekundu na za rangi ya chungwa, na katikati yake, kwenye kidirisha kidogo, zikatokea tarakimu 137,212. Asesa wa kampuni alilikuta gari bila umeme, kidirisha kikiwa cheusi, akakisia. Mthamini alipiga picha tatu, moja ikiwa na gazeti la siku hiyo kando ya usukani, akafungua mlango, akapiga picha ya stika ya oili, ndipo akaanza kazi ambayo nilidhani angeanza nayo.

Kuhusu dalili za ajali ya awali, ukweli ni kwamba mlango wa nyuma wa kulia uliwahi kukwaruzwa na bodaboda pale Kondele, nikaupaka rangi kwa shilingi 9,000 kutoka mfukoni, na rangi haikulingana vizuri. Mthamini aliiandika bila kuificha.

Ripoti yake ilisema shilingi 1,120,000. Niliiambatisha na barua ya kurasa mbili, picha, na matangazo matano ya Fielder za 2013 hadi 2015 za umbo langu kutoka yadi za Kisumu na Nakuru, bei zikiwa kati ya 1,090,000 na 1,190,000. Niliandika waziwazi kwamba nakubali gari ni hasara kamili, nakubali eksesi, na ninachokataa ni thamani peke yake, kwa sababu tatu nilizozitaja kwa namba ya ukurasa na mstari wa ripoti yao. Naamini mpangilio huo ulisaidia kuliko maneno makali ya barua yangu ya kwanza, ambayo nikiisoma leo naona haya.

Kampuni ilijibu kwa hoja moja ya haki, nayo naiandika kwa kuwa mapitio ya upande mmoja hayamsaidii mtu. Walisema kwamba gari lilithaminiwa Januari 2024, wakati dola moja ilikuwa imekaribia shilingi 160 na bei za magari zilikuwa zimepanda nayo, na kwamba kufikia Agosti dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Ni kweli. Lakini kwa kanuni inayozuia magari yaliyozidi miaka minane, mwaka 2024 hakuna Fielder ya 2014 iliyoweza kuingizwa nchini. Zilizopo ndizo hizo tulizo nazo, na bei yake haishuki kwa kasi ya sarafu peke yake. Mthamini wangu alikuwa amelizingatia hilo, na ndiyo sababu hakuandika 1,180,000.

Tarehe 1 Oktoba nilipigiwa simu na afisa yule yule mpole. "Mwalimu, tumekuongezea. Sasa ni 970,000. Pitia leo utie saini, Ijumaa pesa iko kwenye akaunti." Nilihesabu nikiwa bado kwenye simu: 910,000 ukiongeza zile 60,000 za kilomita. Walikuwa wamesahihisha kosa lililothibitishwa na picha na kuliacha lile la umbo la gari, ambalo ndilo lililokuwa kubwa. Nilimwomba aniandikie. Akasema barua itachukua wiki mbili, lakini nikija mwenyewe itakuwa siku hiyo hiyo. Wakati huo nilikuwa nikipanda matatu mbili kwenda shule na mbili kurudi, kwa kuwa sikuwa nimelipia nyongeza ya gari la kutumia, na nakiri kwamba nilifika hadi mlango wa ofisi yao kabla ya kugeuka.

Tarehe 4 Oktoba nilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima kwa barua pepe, bila gharama yoyote, nikiambatisha mawasiliano yote kwa mpangilio wa tarehe. Mtu asidhani kwamba Mamlaka ilinipangia bei. Iliitaka kampuni ijibu, na jibu lilipotakiwa kuandikwa kwa ajili ya msomaji mwingine, ripoti ya asesa ilirudishwa kwake. Nilikuwa pia nimetaja katika barua yangu kwamba mkataba una kifungu cha usuluhishi, na kwamba kiasi tunachogombania kimo ndani ya kikomo cha shilingi milioni 1 cha Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60 na ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Sikutishia, nilitaja tu, katika aya ya mwisho, kwamba nazijua njia zote mbili.

Barua ya tatu ilikuja tarehe 29 Oktoba: shilingi 1,085,000. Walikubali umbo la gari, walikubali kilomita, wakabakiza makato ya 35,000 kwa ajili ya mlango uliopakwa rangi. Sikukubaliana na makato hayo, kwa sababu mlango wa shilingi 9,000 haupunguzi thamani ya gari kwa 35,000, lakini nilipima gharama ya kuendelea na nikaacha. Ukitoa eksesi ya 29,500 ilikuwa 1,055,500. SACCO ilichukua deni lake la 214,000 kwanza, kama ilivyokuwa haki yake kwa logibuku ile, nami nikapokea 841,500. Vocha niliitia saini tarehe 31, nikiwa nimeisoma yote. Pesa ziliingia tarehe 21 Novemba, siku ya 97 tangu ule muhuri wa kaunta.

Kuhusu mabaki nilikosea mwenyewe. Kampuni ilikuwa imeyakadiria kuwa 240,000, nami sikuuliza mtu kama ni bei ya kweli, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye thamani ya gari. Wiki moja baada ya kutia saini, muuza spea wa Nakuru aliyewahi kuniuzia taa aliniambia kwamba Fielder ya umbo lile, injini na gia zikiwa nzima, angeitolea 310,000 bila kubishana. Ningechagua kubaki na mabaki, ningelipwa na kampuni 815,500, na kwa kumuuzia yeye ningefika 1,125,500, yaani shilingi 70,000 zaidi ya nilizopata. Tarakimu ya mabaki ilikuwa kwenye barua ile ile ya kwanza, mistari miwili chini ya ile niliyoigombania kwa miezi miwili.

Yapo waliyoninyima kwa haki. Rimu za aloi na redio nilizofunga kwa shilingi 48,000 hazikulipwa, kwa kuwa sikuziorodhesha nilipohuisha bima. Ada ya mthamini wangu haikurudishwa, na sikuitarajia.

Kwa huduma ya usiku wa ajali ningeipa kampuni hii nyota nne kati ya tano, na kwa uthamini nyota moja, ambayo ni ya kukubali kusahihishwa. Nimeulizwa kama nimehama. Mwezi Januari nilinunua gari jingine, nikazunguka kampuni nne mjini Kisumu nikiuliza maswali mawili tu: kama nitapewa ripoti ya asesa bila kuibembeleza, na kama wanakubali thamani iliyoafikiwa mapema badala ya bei ya soko siku ya ajali. Swali la pili zote nne zilinijibu hapana. La kwanza, tatu zilisema inategemea, na ya nne, ambayo ni ile ile niliyogombana nayo, afisa yule mpole alicheka, akaandika kwa mkono wake chini ya fomu ya maombi kwamba nakala ya ripoti itatolewa kwa mwenye bima, akapiga muhuri. Nikalipa pale pale. Rimu zimo kwenye orodha, na kila tarehe mosi ya mwezi napiga picha ya dashibodi ikiwa inawaka.